Makaroni ya Nyama: Chakula cha Jioni cha Ukoo Uliotawanyika

Mazungumzo yaliyotolewa Maskati, usiku wa kwanza wa mkutano wa ukoo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Jumuiya yetu. Wazee wetu waheshimiwa. Shangazi zangu na wajomba zangu. Ndugu zangu mliotoka Unguja, Pemba, Mombasa, Dubai, London na Toronto. Na nyinyi watoto na wajukuu, ambao ndio hasa niliokuja kuzungumza nanyi.

Awali ya yote naishukuru kamati ya matayarisho kwa heshima iliyonipa ya kusema maneno machache usiku huu, kabla hatujakaribishwa kwenye chakula. Nimeagizwa nisizidi nusu saa. Mimi ni mtu niliyetumikia Serikali kwa miaka 31, na nayajua maagizo ya maandishi. Nitajitahidi kulitii agizo hili, zaidi kwa kuwa harufu inayotoka jikoni inatuhimiza sote.

Mada niliyopewa ni chakula cha jioni cha nyumbani. Ni mada pana, nami nimeipunguza hadi ikabaki trei moja: makaroni ya nyama ya ng'ombe ya kuoka. Najua wapo miongoni mwenu waliotarajia nizungumzie pilau, au biriani, au wali wa nazi kwa mchuzi wa papa. Hata ndani ya kamati, makaroni yalipopendekezwa yawe chakula cha usiku wa kwanza, yalipata upinzani. Mzee wetu mmoja, ambaye namheshimu sana na ambaye amekaa hapa mbele yangu, alisema kwamba tumewaita watoto kutoka pembe zote za dunia waje waonje asili yao, kisha tunawaandalia chakula cha Mtaliana. Akatukumbusha kuwa mwacha asili ni mtumwa.

Hoja ile ni nzito na haifai kupitwa kimya. Kwa hiyo nimeona nianze nayo.

CHAKULA HIKI NI CHA NANI?

Tuvitazame kwanza vyakula ambavyo hakuna anayevitilia shaka. Pilau ilitufikia kwa njia ya Waajemi na Wahindi, ikaja na jina lake. Biriani ni neno la Kiajemi. Kima, yaani nyama ya kusaga, ni neno tulilolipokea kutoka Bara Hindi. Meza tunayoandalia ni neno la Kireno. Nyanya, pilipili mbichi, mahindi na muhogo vyote kwao ni bara la Amerika. Vilivuka bahari na kutufikia baada ya Wareno kuanza safari zao katika pwani yetu, walipofika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Hata karafuu, iliyoipa Zanzibar jina duniani, ni mgeni kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Ilipandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ikaenea zama za Sayyid Said bin Sultan. Lakini leo nani atathubutu kusimama Wete au Chake Chake akasema karafuu si ya Pemba?

Sasa tuje kwenye makaroni. Jina ni la Kitaliana, hilo halina ubishi. Lakini ushahidi wa zamani sana wa biashara ya vyakula vya jamii hii katika Italia umeandikwa na Mwarabu. Mwanajiografia Al-Idrisi, katika kitabu alichomwandikia Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, kilichokamilika mwaka 1154, alieleza kwamba mahali paitwapo Trabia, karibu na mji wa Palermo, palitengenezwa kwa wingi chakula cha unga wa ngano kiitwacho itriyya, na kwamba shehena zake zilipakiwa merikebuni kupelekwa nchi za Waislamu na nchi za Wakristo. Chakula cha unga mkavu, kisichooza, kinachostahimili safari ndefu ya bahari! Watu wa majahazi kama wazee wetu hawana haja ya kuelezwa faida yake.

Kwetu pwani tulikuwa na tambi, ambazo mama zetu walizipika kwa sukari, iliki na zabibu. Kaskazini kwetu, watu wa Barawa, ambao lugha yao ya Chimiini ni ndugu wa Kiswahili na ambao baadhi yenu mmeoana nao, waliishi chini ya utawala wa Wataliana, wakazoea makaroni na spageti hata yakawa chakula cha kila siku. Vita vya Somalia vilipowatoa makwao mwaka 1991, wengi wao walikimbilia Mombasa, na baadaye Uingereza na Marekani. Waliacha majumba na maduka, lakini namna yao ya kupika haikuachwa nyuma.

Na hapa Oman yalifika kwa mlango mwingine. Sultan Qaboos aliposhika utawala mwezi wa Julai mwaka 1970, nchi nzima ilikuwa na shule rasmi 3 tu. Shule mpya zilipofunguliwa kwa mamia, walimu wengi waliletwa kutoka Misri, nao wakaja na wake zao, na wake zao wakaja na trei ya makaroni yenye nyama katikati na sosi nyeupe juu, ambayo Waarabu huiita bashameli. Jina hilo nalo ni la Mfaransa, Louis de Béchameil, aliyekuwa msimamizi katika nyumba ya Mfalme Louis wa 14.

Kwa hiyo, mzee wangu, trei iliyomo jikoni usiku huu ina jina la Kitaliana, sosi ya Kifaransa, mpangilio wa Kimisri, nyanya ya Amerika, na bizari za kwetu. Haina ugeni unaozidi ule wa pilau. Tukiuliza chakula ni cha nani, naomba tuulize pia kimewalisha nani, kwa miaka mingapi, na kwa mikono ya nani. Hayo naweza kuyajibu, kwa sababu nimekula trei hii kwa miaka 40.

ALHAMISI USIKU, RUWI

Nilifika Maskati mwaka 1984, nikiwa na umri wa miaka 26. Nchi niliyoiacha ilikuwa imepita katika miaka ya uhaba baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, sukari na sabuni na unga vikipatikana kwa foleni. Tulikuwa vijana wanne wa ukoo huu katika chumba kimoja mtaa wa Ruwi, hakuna aliyeoa, na hakuna aliyejua kupika zaidi ya chai na mayai.

Dada yetu mkubwa, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa ametutangulia pamoja na mumewe. Walikuwa na nyumba ya vyumba viwili. Wakati ule mapumziko ya wiki hapa Oman yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, kabla ya kubadilishwa mwaka 2013 kuwa Ijumaa na Jumamosi. Basi kila Alhamisi usiku mlango wake ulikuwa wazi kwa mtu yeyote wa ukoo. Hakuna aliyealikwa na hakuna aliyehitaji mwaliko. Wakati mwingine tulikuwa watu 6, wakati mwingine 17, maana ndege ikileta mtu mpya kutoka Dar es Salaam, mtu huyo hupelekwa kwa Dada kabla hajapata pa kulala.

Jirani yake wa Kimisri, mke wa mwalimu, ndiye aliyemfundisha kupanga makaroni kwenye trei. Dada akayageuza. Akaongeza thomu na tangawizi, bizari nyembamba, mdalasini, kotmiri na ndimu. Alikuwa na sababu zake za kukichagua chakula hiki, naye alizisema waziwazi. Kilo moja ya nyama ikifanywa mchuzi hutosha watu wanne au watano wenye njaa ya vijana. Nyama ileile ikilazwa katikati ya makaroni hushibisha watu wanane au kumi, na hakuna anayehesabu vipande vya mwenziwe. Pilau ikipoa hupoteza nusu ya utamu wake, lakini trei ya makaroni humsubiri aliyechelewa kazini, na kesho yake hupashwa moto ikaliwa tena. Na kitu cha mwisho, ambacho aliwahi kunieleza akiwa anaosha trei: mtu aliye mgeni katika nchi, akiwa na huzuni, hawezi kushughulika na miiba wala mifupa, mpe chakula laini chenye moto, atakula kabla hajajijua kuwa anakula.

Pale kwenye trei ndipo barua za Unguja ziliposomwa kwa sauti, maana simu ilikuwa ghali na barua moja iliwatosha watu 12. Pale ndipo zilipochangwa riali za kumlipia ada mtoto wa marehemu mjomba. Pale zilipozungumzwa posa mbili ninazozikumbuka, na watoto wa posa hizo wamekaa humu ukumbini. Pale ndipo habari ya msiba ilipopokewa, mtu akalia akiwa katikati ya ndugu zake na si peke yake chumbani. Wanaouliza Jumuiya hii ilianza lini huonyeshwa katiba yetu na muhtasari wa mkutano wa kwanza. Mimi najua kwamba ilianza miaka mingi kabla ya hapo, bila katiba wala mweka hazina, kwa mwanamke mmoja na trei ya bati.

MAARIFA YALIYOGAWANYIKA

Dada alitutoka miaka 2 iliyopita. Baada ya matanga, binti zake watatu waliagana uwanja wa ndege, mmoja akarudi London, mmoja Toronto, mmoja akabaki hapa Maskati. Ilipofika Ramadhani ya kwanza bila yeye, kila mmoja kwa wakati wake alitaka kuwapikia watoto makaroni ya bibi yao. Hapo ndipo ilipobainika kwamba hapakuwa na maandishi yoyote, na kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa na mapishi yote.

Aliyebaki Maskati alijua vipimo vya dukani, kwa sababu ndiye aliyetumwa kununua: paketi ngapi, nyama kiasi gani, maziwa kiasi gani. Wa London alijua bizari, kwa kuwa kazi yake utotoni ilikuwa kutwanga. Wa Toronto alishikilia kwamba nyama ilitiwa mdalasini na ndimu, na wenzake wawili walimkatalia kabisa. Kaka yao, ambaye hakuna aliyefikiria kumuuliza kwa kuwa ni mwanamume, ndiye aliyejua siri ya sosi nyeupe: akiwa mtoto alipandishwa juu ya kigoda akapewa mwiko, na alikumbuka kwamba maziwa yalipashwa moto kwanza na yakamiminwa kidogo kidogo, na kwamba yeye alikatazwa kuacha kukoroga hata akiitwa.

Walipika, wakapigiana simu, wakapika tena. Ladha ilirudi, lakini jambo moja liliwashinda wote wanne. Ya mama yao ilikatwa vipande vilivyosimama wima kama mkate. Yao ilimwagika sahanini kama uji. Mwishowe waliniomba niulize Unguja. Shangazi yetu, ambaye amezidi miaka 80, aliwahi kukaa kwa Dada miezi mitatu. Alisikiliza swali, akacheka, akasema: “Mnatia yai? Na mnaingoja ipoe kidogo, au mnaivamia?” Basi. Jambo lililowasumbua watu wanne katika nchi tatu lilikuwa kichwani mwa bibi mmoja wa Ng'ambo, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nawasimulia haya kwa sababu mbili. Kwanza, mdalasini na ndimu vilikuwamo. Binti wa Toronto alikuwa na haki yake, nami ninaisema hadharani. Pili, mtazame namna mapishi yalivyokuwa yamegawanyika: kila mtoto alipewa kipande kwa kazi aliyofanyishwa jikoni. Aliyetwanga alirithi bizari, aliyekoroga alirithi sosi, aliyetumwa dukani alirithi vipimo. Mtoto ambaye hafanyishwi kitu jikoni harithi kitu.

NAMNA YA KUPIKA

Sasa nitawasomea mapishi yenyewe, kama yalivyokubaliwa na watoto wote wanne na kuthibitishwa na Shangazi. Yanatosha watu wanane hadi kumi. Husemwa kwamba wazee wetu hawakupima. Nadhani hilo si kweli. Walipima kwa kibaba na kwa pishi, na pishi moja ilikuwa vibaba vinne. Ndiyo maana tunasema haba na haba hujaza kibaba. Waliozoea walipimia jicho, lakini jicho hilo lilifundishwa na kibaba.

Vitu vinavyohitajika ni hivi: makaroni nusu kilo, nyama ya ng'ombe ya kusaga kilo moja, isiyo na mafuta mengi, vitunguu maji vikubwa 3, nyanya 5, nyanya ya kopo vijiko 2 vya mezani, thomu na tangawizi vilivyotwangwa pamoja, vijiko 2 vya mezani, bizari nyembamba na pilipili manga, kijiko 1 cha chai kila kimoja, mdalasini wa unga nusu kijiko cha chai, kotmiri fungu moja, ndimu nusu, chumvi. Kwa sosi: siagi gramu 80, unga wa ngano gramu 80, maziwa lita 1, kungumanga kidogo ya kukwaruza, na mayai 2.

Anza na nyama. Tumia sufuria pana, iwe na moto mkali, na utie nyama kwa mafungu mawili. Nyama ikirundikwa yote kwa pamoja hutoa maji, na badala ya kukaangika hutokota katika maji yake, ikawa na rangi ya kijivu na isiwe na ladha. Iache itulie mpaka upande wa chini ugeuke rangi ya hudhurungi, ndipo uigeuze. Itoe, na katika mafuta yaleyale kaanga vitunguu hadi vilainike na kuanza kupata rangi. Tia thomu na tangawizi, kisha bizari, ukoroge dakika moja tu, maana bizari ikiungua huwa chungu. Rudisha nyama, tia nyanya zilizokatwakatwa na nyanya ya kopo, punguza moto, uiache dakika 25 hadi maji yakauke na mafuta yaelee juu. Mchuzi ukibaki na maji, trei itatota. Zima moto, tia kotmiri na ndimu.

Makaroni yachemshwe katika maji mengi, yasiyopungua lita 5, yaliyotiwa chumvi. Yatolewe dakika 2 kabla ya muda ulioandikwa kwenye paketi, kwa kuwa yatamalizikia kuiva ndani ya oveni. Chagua makaroni ya ngano ngumu. Ya unga laini huvurugika.

Sosi ndiyo inayowatisha wengi. Yeyusha siagi kwa moto mdogo, tia unga wote, ukoroge dakika 2 hadi harufu ya ubichi iondoke. Unga ukitangulia kulowa mafuta, chembe zake hutengana, na maziwa yakija hazigandamani kuwa madonge. Mimina maziwa ya moto kidogo kidogo, ukikoroga bila kuacha, hadi sosi iwe nzito ya kushika mgongo wa kijiko. Kwaruza kungumanga, tia chumvi, iache ipoe kidogo.

Piga yai moja na kikombe kimoja cha sosi, uchanganye na makaroni. Tandaza nusu ya makaroni kwenye trei iliyopakwa siagi, tandaza nyama yote, funika kwa makaroni yaliyobaki. Yai la pili lipige ndani ya sosi iliyobaki, uimimine juu. Oka kwa nyuzi 180 za Selsiasi, dakika 40, mpaka juu pawe na rangi ya dhahabu. Nyumba isiyo na oveni itafanya kama walivyofanya mama zetu: sufuria yenye kifuniko kizito, makaa machache chini na mengi juu.

Kisha fanya jambo lililo gumu kuliko yote: ngoja dakika 20. Yai na unga vinahitaji kupoa kidogo ili vishikane. Ni muda wa kutosha kuosha vyombo, kutandika mkeka na kuwaita watu. Kinachobaki, kikishapoa, kitiwe kwenye friji kabla ya saa 2 kupita, na kinapopashwa moto kesho yake kipashwe hadi kitoe mvuke.

Na pembe za trei, penye ukoko, ni haki ya watoto. Dada hakuwahi kuruhusu mtu mzima yeyote azikaribie, hata mumewe.

MAOMBI YANGU MATATU

Ndugu zangu, naomba sasa niseme kwa nini nimechukua muda wenu kwa habari ya sufuria na mwiko.

Jana nilikaa na wajukuu wetu waliotoka London na Toronto. Ni watoto wazuri, wenye adabu, wanaosoma vizuri. Kiswahili chao ni kidogo. Hilo linatuhuzunisha sote, na kila mkutano tunaazimia kwamba wafundishwe. Lakini nilipowauliza maneno wanayoyajua, nilisikia jambo la kushangaza. Hawakuyajua maneno ya salamu za heshima wala hesabu ya saa zetu. Waliyajua koroga, onja, pakua, chuja, moto, ukoko. Binti mmoja wa miaka 9 alinieleza tofauti ya kukaanga na kuunga, kwa Kiswahili, kwa sababu lugha yake ya shuleni haina neno moja la kuunga. Nilimuuliza amelijua wapi. Akasema, kwa bibi, jikoni.

Basi nimeamini kwamba jikoni ni darasa letu la mwisho lililobaki wazi. Likifungwa, sidhani kama maazimio yetu yatalifungua.

Ombi langu la kwanza ni kwa wazazi. Mpeni kila mtoto kazi jikoni, wa kiume sawa na wa kike, na mzungumze naye Kiswahili akiwa anaifanya, hata akijibu kwa lugha nyingine. Msiwaondoe wavulana. Nimewaeleza sosi ya Dada ilihifadhiwa na nani. Wapo pia vijana wetu wa kiume wanaoishi peke yao katika miji ya baridi, kama tulivyokuwa sisi Ruwi, na trei moja inawatosha kwa siku tatu.

Ombi la pili ni kwa kina mama na shangazi mliokwisha kupata umri, na kwa wanaoishi nanyi. Mapishi yenu yaandikwe sasa, kwa vipimo, mkiwa hai na mkiwa na nguvu ya kutukosoa. Anayeandika asikubali jibu la “kiasi” au “ya kutosha.” Amkalishe mama apike, na kila anachotaka kukitia sufuriani kipite kwanza kwenye mizani. Kamati imekubali kukusanya maandishi hayo kwa ajili ya kijitabu cha mkutano ujao. Mzee wangu aliyepinga makaroni amekwisha niahidi mchuzi wa papa wa mama yake, nami nimempa kalamu.

Ombi la tatu ni kwa sote. Tuteue usiku mmoja katika mwezi, na mimi napendekeza Ijumaa ya kwanza, ambapo kila nyumba ya ukoo huu, popote ilipo, itapika trei hii na kumwita mtu mmoja asiye wa nyumba ile: ndugu aliye peke yake, jirani, au mgeni aliyefika karibuni na hajapata wa kumjua. Majira ya saa hayatatuwezesha kula kwa pamoja. Toronto wakiwa wanarudi kutoka kazini, sisi hapa tutakuwa tumelala. Lakini mtoto wa Toronto atajua kwamba mwenziwe wa Maskati amekula kile alichokula yeye, na siku wakikutana, kama walivyokutana jana, watakuwa na jambo la kuanzia: nani katika nyumba yao hula pembe za trei.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nusu saa yangu imekwisha, na naona kijana wa jikoni amesimama mlangoni ananipa ishara. Trei zimetoka kwenye oveni muda mrefu uliopita. Nilipangana nao kwamba dakika 20 za kupoa ziende sambamba na maombi yangu. Naamini sasa zimeshikana.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awape afya wagonjwa wetu, na atujaalie kukutana tena tukiwa wengi zaidi. Karibuni chakula.